Sahani ya Modesta

Kengele ya chakula ilipolia katika shule yao ya Mkolani, Modesta na Dorcas walikuwa hawakosi mbele ya foleni ya makande. Walichukua mgao wao katika sahani moja, wakakaa juu ya jiwe lao nyuma ya darasa la sita na kula huku wakigombea maharage. Mahindi yalikuwa tele, lakini ugomvi wao siku zote ulikuwa wa maharage. Kwa nini? Waulize wenyewe.

Dorcas peke yake ndiye aliyejua siri ya Modesta. Modesta alikuwa na kifafa. Alimeza dawa kila siku, na siku hizi alianguka mara chache sana.

"Nikianguka," alimwambia Dorcas, "sogeza madawati, nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni. Halafu ukae nami mpaka nizinduke."

Dorcas aliahidi. Tena mama yake, Paskazia, alikuwa nesi wa zahanati ya pale mtaani. Modesta aliona siri yake imefika mahali salama.

Siku moja alianguka katikati ya kipindi cha hisabati, mwalimu akiwa ametoka kidogo. Alipozinduka alikuwa peke yake sakafuni, paji la uso limechubuka kwa kugonga dawati ambalo hakuna aliyelisogeza. Wenzake walikuwa wamejazana mlangoni, na mbele yao alisimama Dorcas, mikono ameitanua.

"Msimguse!" alikuwa akisema. "Povu lake linaambukiza. Mama yangu ni nesi, ameniambia!"

Angesema mwingine, Modesta angevumilia. Lakini Dorcas! Alilia, na si kwa sababu ya kidonda.

Kesho yake kiranja, Ngosha, alimletea makande katika sahani iliyopakwa rangi nyekundu ukingoni. "Hii yako peke yako," alisema, akaiweka chini na kurudi nyuma haraka. Dorcas aliona, akageuza uso. Modesta hakugusa hata punje.

"Mama, shule sirudi," alisema jioni, akasimulia yaliyompata.

Mama yake, Suzana, alikuwa akiuza dagaa sokoni Mkuyuni, na ulimi wake haukuogopa mtu. Asubuhi aliacha dagaa wake kwa jirani, akaenda zahanati kumweleza mkuu wa pale, mganga mfawidhi, yote. Mganga yule aliwaita manesi wake, akawauliza mmoja mmoja maswali kuhusu kifafa. Majibu yalimtia aibu. Paskazia hakuwa peke yake: wengine wangemtia mgonjwa kijiko mdomoni. Wiki hiyohiyo mganga alileta mtaalamu kutoka hospitali kubwa kuwafundisha upya.

Modesta alirudi shule kwa kubembelezwa. Alikuwa juu ya jiwe, sahani nyekundu mapajani, alipomwona nesi Paskazia akija na Mwalimu Rugemalira. Nyuma yao alikuja Dorcas, kichwa chini, sahani yake ya makande mkononi.

"Shikamoo, mama Dorcas," Modesta alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Makande yako yanatosha wawili?"

Kabla Modesta hajajibu, nesi alinawa mikono, akaketi jiweni, akachota kwenye sahani ile na kula. Wanafunzi walisogea kutazama.

"Mnaniona?" aliwauliza wanafunzi. "Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hakiambukizi kwa povu wala kwa sahani. Mimi nilimwambia Dorcas uongo, na niliusema kwa sababu niliusikia utotoni nikauamini, sikuuliza. Nesi akikosea, mtaa mzima unakosea naye. Nisamehe, Modesta." Kisha akawaonyesha namna ya kumlaza ubavu mtu aliyeanguka, Ngosha akijifanya mgonjwa.

Mwalimu Rugemalira aliichukua ile sahani iliyopakwa rangi. "Hii haitatumika tena," alisema. "Na ninyi kumbukeni, jambo la afya usiliamini kwa kulisikia tu. Uliza, hakikisha, ndipo ufundishe wengine. Na ukishaahidi kukaa na mwenzako, kaa."

Dorcas alisogea na sahani yake, machozi yakimtoka. "Niliogopa," alisema.

"Nilikuambia siri yangu wewe tu," Modesta alijibu. "Nikianguka tena, utakimbia?"

"Nitakaa. Hata wote wakikimbia."

Modesta alijisogeza kidogo, jiwe likapata nafasi ya mtu wa pili.

"Ila maharage," alisema, "leo yote yangu."