Picha Sitini Nyeusi

Kila siku akitoka shuleni, Kiherehere alivua sare, akanawa mikono kwa sabuni, ndipo akaruhusiwa kugusa kopo la kadi. Mama yake alikuwa mpiga picha, na kopo lile la bati ndilo lililokuwa roho ya kazi yake. Ndani mlikaa kadi sita za kamera, ndogo kama stempu. Sheria ilikuwa moja tu: kadi iliyolala chali ni tupu, iliyolala kifudifudi ina watu ndani, bado hawajahamishiwa kwenye kompyuta.

"Aliyelala kifudifudi haamshwi," mama alipenda kusema.

Mama hakuzaliwa pwani. Hata kuogelea hakujua. Lakini watu wa ufuoni aliwapenda kama ndugu zake wa tumbo moja. Iwe harusi, mahafali ya chekechea au mashua mpya kuingizwa majini, alikuwepo, aalikwe asialikwe. Ukuta wa sebule ulijaa nyuso zao mpaka baba akatania, "Mke wangu, siku moja nitakosa pa kutundika shati."

Uso mmoja tu haukuwamo: wa mzee fundi mashua. Miaka kumi na moja alimkwepa. "Piga mashua, mwanangu. Mimi na vumbi hili la mbao nitakuvunjia kamera." Lakini Jumamosi ile alikuwa anaingiza majini mashua aliyosema ni yake ya mwisho. Mama alisimama ndani ya maji hadi magotini. Mzee akaweka viganja vyote viwili ubavuni mwa mashua, akasema, "Haya, piga. Upesi, kabla sijaghairi!"

Mama alirudi nyumbani akicheka peke yake. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo akailaza kadi kifudifudi.

Kesho yake alikwenda kupiga picha harusi na zile kadi nyingine tano. Nyumbani ikabaki kamera kuukuu, ambayo Kiherehere aliruhusiwa kuitumia. Wenzake wakaja.

"Tupige basi! Au hiyo kamera ni pambo?"

Akafungua kopo. Kadi moja, kifudifudi. Aliijua sheria. Akajiambia kwamba mama huwa anasahau kuigeuza, akaitia kwenye kamera, akabonyeza pa kufuta zote. Wakapiga picha arobaini za kuruka na kutoa ndimi.

Umeme haukurudi hadi Jumanne usiku. Jumatano alfajiri mzee fundi akafariki. Kilikuwa kifua, vumbi la miaka hamsini. Asubuhi hiyo hiyo binti yake akabisha hodi, macho yamevimba.

"Dada, mama anaomba ile picha ya baba. Hatuna nyingine hata moja."

"Ninayo," mama akamshika mkono. "Leo hii nitaileta mwenyewe."

Kiherehere alisikia yote, mswaki ukiwa mdomoni. Mama alipotoka kumsindikiza mgeni, aliichukua kadi mbio, akafuta picha za wenzake, akafunika kioo cha kamera kwa kifuniko chake, akabonyeza, ili ionekane kadi imeharibika. Akabonyeza tena na tena. Picha sitini nyeusi tii.

Mama alipoifungua kadi kwenye kompyuta, alikuta giza tupu. Akaichomoa, akairudisha.

"Haiwezekani. Niliziona kwa macho yangu pale pale." Akashika kichwa. "Maji ya chumvi. Nilijidai shujaa, kadi ikalowa."

"Labda, mama," Kiherehere akasema, akitazama sakafu.

Walikwenda pamoja msibani. Mama alisema mbele ya watu kwamba kosa ni lake. Mjane akajifunika uso kwa kanga. Shemeji yake ndiye aliyejibu. "Miaka yote unatupiga tukicheka. Siku tunayokuhitaji, eti chumvi!"

Waliporudi, mama alisukuma mkoba wa kamera chini ya kitanda, akaanza kutungua picha ukutani. "Niliwaahidi wafiwa. Nisiyeweza kutunza uso wa mtu mmoja nina haki gani ya kushika kamera?"

Alitungua moja, mbili, tatu. Ya nne ilipotoka, Kiherehere alimshika mkono.

"Mama, acha. Si chumvi. Ni mimi."

Akaeleza yote. Mama hakumpiga. Aliuliza jambo moja tu. "Tangu ufute, umepiga picha ngapi?"

"Arobaini Jumapili. Na... sitini leo."

Mama akafumba macho. "Vaa viatu."

Fundi wa kompyuta aliwapokea kwa mzaha, "Mmeniletea mgonjwa au maiti?" Mama akamkabidhi kadi. Baada ya saa mbili akageuza kioo wakione.

"Picha ikifutwa haiondoki papo hapo," alisema. "Hukaa mle mle mpaka nyingine iilalie. Zile arobaini hazikumfikia mzee. Hizi nyeusi ndizo zilizomlalia."

Mzee alikuwa anacheka, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Kuanzia kifuani kushuka chini, picha ilikuwa kijivu kitupu.

Kesho yake kabla ya mazishi, mama alimsogeza Kiherehere mbele ya mjane. "Sema mwenyewe."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Mama hakukosea. Nilifuta mimi, halafu nikadanganya. Nisamehe, bibi."

Mjane aliipokea picha kutoka mkononi mwa mama. Akapitisha kidole kwenye uso, akakishusha hadi pale penye kijivu.

"Nimekusamehe. Uso nimeupata," akasema. "Na mikono yake? Mikono ndiyo iliyotulisha."

Kiherehere akaificha mikono yake mwenyewe mgongoni.

Njiani mama alitembea mbele, kisha akasimama.

"Kosa la Jumapili lilikuwa la kitoto, na dawa yake ilikuwepo. Ungesema Jumatano asubuhi, bibi angempata mzee mzima. Ile mikono haikufutwa, mwanangu. Ilifunikwa na uongo wako. Ukikosea, sema upesi. Ukichelewa, utasamehewa, lakini kilichopotea hakirudi."

Nyumbani walizitundika tena picha nne ukutani, na mkoba wa kamera ukatoka chini ya kitanda. Kiherehere akaichukua ile kadi, akailaza koponi kifudifudi. Hadi leo haijageuzwa.