Nyumba Tatu za Kirambi

Kila asubuhi, kabla jua halijapenya ukungu wa vilima vya Masisi, Verdiane alishuka kisimani, akarudi na mtungi kichwani, akafagia uwanja, akala kiporo cha viazi vitamu, kisha akaenda shule. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuna mwanafunzi wa darasa la sita aliyemshinda kwa mwandiko. Ndiyo sababu katika likizo ya mwaka 1954, Papa Damascène, muuguzi wa zahanati, alimwomba mama yake amruhusu msichana huyo kumsaidia katika kazi mpya.

"Homa tunajua kuipima," Papa Damascène alimweleza Verdiane. "Lakini kuna ugonjwa mwingine. Muntu halali, hakuli, anaona shamba lake kama mlima, na mwili hauna joto. Watu wa namna hii ni wangapi huku kwetu? Hakuna anayejua. Njo maana tutahesabu."

"Si tuhesabu wale wanaokuja zahanati, Papa?"

"Mwenye moyo muzito hatoki nyumbani, mutoto yangu. Ukihesabu wanaokuja tu, huyo utamuacha. Na ukichagua nyumba mwenyewe, utachagua za rafiki zako. Tutafuata njia na kuhesabu nyumba. Kila ya tano tunaingia, ikiwa ya tajiri ao ya maskini, karibu ao mbali."

Kwa siku tatu alimfundisha kuuliza maswali matano kuhusu dalili hizo kwa maneno yaleyale kila nyumba, bila kumsaidia mtu kujibu, wala kupeleka jibu lake kwa jirani. Kila "ndiyo" iliandikwa moja, na kila "hapana" sifuri. Juu ya karatasi hapakuwa na jina la mtu, ila namba ya nyumba.

Verdiane alipewa kilima cha Kirambi, ng'ambo ya mto, chenye nyumba kumi na mbili za kuingia. Tisa alizimaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ilipokatika njia ilikuwa utelezi mtupu, na nyumba tatu zilizobaki zilikuwa juu kabisa. Kule chini, kanisani, wenzake walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo. Sauti zao zilimfikia. Verdiane aliketi juu ya jiwe kando ya njia, akatoa kalamu, akaandika sifuri katika karatasi zote tatu.

"Watu wa huku ni wazima tu," alijiambia, akateremka mbio.

Wiki iliyofuata Papa Damascène alijumlisha karatasi za vilima vyote. "Kazi safi, Verdiane," alisema. "Daktari mwenye kutusimamia amenipa siku moja kwa wiki ya kutembelea kilima kimoja, kile chenye wagonjwa wengi. Kirambi hawana shida kubwa. Nitaenda kwingine."

Verdiane alizipokea sifa hizo, akaenda zake. Jioni hiyo maharage hayakuwa na ladha. Mama yake alipomuuliza kama anaumwa, alijibu kwamba hapana, na hata neno hilo dogo likamchoma, kwa kuwa ndilo aliloandika kwa niaba ya watu ambao hakuwaona.

Jumapili, baada ya misa, alisikia wanawake wawili wakizungumza njiani. "Mukamurenzi wa kule juu Kirambi, tangu azike mutoto wake hatoki tena," alisema mmoja. "Shamba lote limekuwa majani."

Verdiane alizihesabu nyumba za kilima kile kichwani mwake. Nyumba ya Mukamurenzi ilikuwa namba kumi, ya kwanza kati ya zile tatu.

Kesho yake alipanda Kirambi na karatasi mpya, akinuia kuibadilisha ile ya zamani kimyakimya. Alimkuta mwanamke aliyekonda ameketi mlangoni, mikono mapajani.

"Wewe njo mwenye kuuliza watu," Mukamurenzi alisema polepole. "Siku ya mvua nilikuona pale chini. Jirani alikuwa ameniambia utafika. Nikatoa kiti, nikakifuta. Nikasema, leo nitasema yangu. Kisha nikakuona unaketi juu ya jiwe, unaandika, unarudi."

Machozi yalimtoka Verdiane. "Nisamehe, Mama," alisema. "Niliandika kwamba uko muzima."

Mukamurenzi aliingia ndani, akatoa kile kiti. "Basi uliza sasa," alisema.

Aliuliza maswali yote matano, na majibu yote yakawa "ndiyo". Lakini hakwenda kubadilisha karatasi kwa siri. Alikwenda moja kwa moja kwa Papa Damascène, akasimama mbele ya meza yake, akamweleza yote: jiwe, mvua, nyimbo, na sifuri kumi na tano.

Muuguzi alizichukua karatasi zote kumi na mbili za Kirambi, akaziweka kando.

"Lakini tisa ni za kweli, Papa."

"Naamini. Ila daktari akiniuliza, nitaapa kwa zipi? Tutazirudia zote, na nitakuwa pamoja nawe."

Walizunguka siku nne. Verdiane aliwaomba radhi watu wa nyumba mbili nyingine alizoziruka. Katika mojawapo mzee mmoja alikuwa halali tangu mkewe afariki. Hesabu ilipofanywa upya, Kirambi ndicho kilichokuwa na wagonjwa wengi kuliko vilima vyote. Tangu hapo, kila Alhamisi Papa Damascène alipanda huko, akaketi na wenye huzuni, akawasikiliza. Aliwaomba pia majirani wamsaidie Mukamurenzi kulima. Mwezi wa tatu wa ziara hizo, Mukamurenzi mwenyewe alishika jembe.

Siku waliyomwona shambani, Papa Damascène alimgeukia Verdiane.

"Umejifunza nini?"

"Kwamba nilikuwa mvivu, Papa, na muongo."

"Uvivu wa siku moja husamehewa. Lakini sikia. Sifuri nayo ni neno. Ukiiandika bila kuuliza, umemnyang'anya muntu kinywa chake, ukasema badala yake. Anayehesabu watu lazima afike mlangoni kwao, hata kama njia inateleza. Na akikosea, aseme mapema, kabla wengine hawajaumia kwa ajili ya kosa lake."

Verdiane aliitikia kwa kichwa, akaweka karatasi zake chini, akaingia shambani kumsaidia Mukamurenzi kung'oa majani.