Nyuma ya Kitambaa

Tangu aingie Idara ya Upelelezi, hapakuwa na mlango uliowahi kumshinda Mwewe. Haya, ulikuwepo mmoja, na ulilindwa na mabibi wenye sindano za kroshia.

Saa sita mchana. Simu ya Mkuu ilikuwa fupi.

"Dawa bandia za watoto zimeingia mjini. Zinagawiwa saa tisa. Zilipo hatujui. Wauzaji wanapeana habari kwenye kundi la wafumaji mtandaoni. Ingia."

Mwewe akaingia. Kando ya kompyuta aliweka bastola yake ya Glock, utadhani skrini hupigwa risasi ikasema. Akajiita Mama Pacha, mfumaji wa miaka ishirini, akatuma picha ya kitambaa alichonunua dukani muda si mrefu uliopita.

"Karibu, mwenzetu," akaandika mwenye kundi, Mama Fundo. "Sasa kigeuze, utuonyeshe nyuma."

Akakigeuza.

"Mkia wa uzi uliobaki umeuficha wapi?"

Mwewe hakujua kama uzi una mkia.

"Hicho cha mashine," akaandika mmoja.

"Na Mama Pacha ana ndevu," akaongeza mwingine. "Naziona pichani, kwenye kioo cha kabati."

Mwewe akapiga simu ya video, kitambulisho mkononi. "Mimi ni wa Idara. Semeni, la sivyo nalifunga kundi."

"Lifunge," alisema Mama Fundo, miwani puani. "Tutafungua jingine, na humo hutaingia. Unataka nini, mwanangu? Sema kweli mara moja tu, haitakuua."

Akasema. Dawa, watoto, saa tisa.

Mama Fundo akasogea karibu na kamera. "Hao ni wajukuu zetu. Lakini ulishatudanganya, nitajuaje kama wewe si mmoja wa hao wauzaji? Mwongo hana subira ya uzi. Fuma vishimo ishirini, hivi vidirisha vya uzi, nikikuona."

Sindano hakuwa nayo. Akatoa waya wake wa kufungulia makufuli, akafumua kitambaa cha duka apate uzi.

Dakika arobaini. Ulimi nje.

"Vibaya sana," alisema Mama Fundo, "lakini ni vyako. Basi sikia. Yupo anayejiita Shangazi Waridi. Humu hatusifu mtindo kabla mtu hajaufuma. Maelekezo yake ya jana yalisema jaza vishimo vitatu, ruka viwili, eti litoke ua. Nimefuma. Tazama."

Ua halikuwepo. Kwenye uzi mweupe, vishimo vilivyojazwa viliandika: BOHARI 14.

Saa nane na nusu mlango wa bohari ulianguka kwa teke moja.

Wanaume watatu. Katoni mia tatu. Bastola moja, ikadondoshwa.

Shangazi Waridi alikuwa na sharubu.

Mwewe alivaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban, akaondoka bila kugeuka nyuma. Simu ikalia.

"Umeijuaje bohari?" aliuliza Mkuu.

"Nilimkaba koo mtu wao. Akatapika yote."

"Hakukuuliza mkia wa uzi?"

Mwewe akasimama.

"Mama Fundo ni mama yangu mzazi," Mkuu alisema. "Mimi alinifukuza kundini nilipofika kishimo cha saba. Sasa hivi natazama video yako ukifuma, aliyonitumia. Huo ulimi nje ulikuwa unamkaba nani?"