Noti Kwenye Mfuko wa Aproni

Stendi kuu ya mabasi siku ya watu kusafiri haina mkubwa wala mdogo. Makuli wanafoka "mgongo, mgongo!", watoto wanalia, moshi wa mabasi unakuingia mpaka kwenye meno. Sasa huko nyuma, kwenye vyoo vya kulipia, alisimama jamaa mmoja mrefu, koti jeupe la bucha limejaa madoa ya damu, miguu kaibana kama mkasi. Mkononi kashika noti, anampungia dada wa zamu.

"Dada, nifungulie!"

"Kaka, hela ya mkononi hatupokei. Kibao hicho hapo, soma. Lipa kwa simu."

"Simu nimeiacha dukani inachaji. Chukua noti, chenji baki nayo!"

"Nikiishika hiyo nafukuzwa kazi."

"Dada yangu, hili tumbo halijui simu!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yule dada naye akamtazama jasho linavyomtiririka mpaka puani, huruma ikamshika. Akatoa simu yake mwenyewe, akalipa, kigeti kikalia kling! Jamaa akapita kama upepo, wala hakusema asante.

Huyo dada stendi nzima walimwita Marashi. Walianza kumwita hivyo kwa kumkejeli, kwa sababu ya kazi yake, lakini yeye akalivaa jina kama hereni. Alikuwa mweusi wa kung'aa, kilemba cha njano kimekaa upande, buti za mpira, na aproni ya bluu yenye mfuko mmoja mbele. Na vyoo vyake vilinukia kweli, usifanye mchezo.

Ila nikwambie, mtu anayesafisha choo haogopi uchafu. Kinyaa chake yeye ni cha mambo mengine. Zamani, kabla ya kigeti, alikuwa anakaa na sahani ya sarafu. Sarafu zile zilikuwa zinakuja na unyevu! Unaiona hela ina majimaji, unajua kabisa mwenye nayo ametoka kufanya nini, na bado unaipokea na kusema karibu tena. Alikuwa anarudi kwa shangazi yake, anasugua mikono kwa dawa ya kufulia mpaka inachubuka. Kwa hiyo kigeti kilipoletwa alipiga vigelegele. Hela haishikwi tena, uchafu umekwisha!

Kumbe ndio umeanza. Mwenye vyoo alipiga hesabu yake hivi: kama hapa hela haipokelewi, basi mfanyakazi akikutwa hata na sarafu moja, ameiba. Kila jioni msimamizi, bwana mmoja wa tai nyekundu na kitambi, alikuwa anawapanga wafanyakazi ukutani na kuwapekua. Na Marashi alimjua yule bwana vizuri. Kila siku alikuwa anaingia chooni na kutoka, na bomba la kunawia halijawahi kumwona. Mikono hiyohiyo ndiyo inayozama mfukoni mwake. Alikuwa anafumba macho, mate yamemjaa mdomoni, anasubiri iishe. Hakumwambia mtu. Aibu nyingine hata kuitamka inachafua ulimi.

Turudi kwa yule jamaa. Kesho yake alikuja kaoga, shati la drafti, nywele kachana, sabuni inapigana na harufu ya mbuzi na mbuzi anashinda.

"Nimekuja kusema asante. Jana sikuweza kusimama."

"Niliona. Ulikimbia kama umeiba."

"Mimi naitwa Steki. Bucha ya kona, kule sokoni."

"Steki? Na mfupa je?"

"Mfupa nimeacha nyumbani. Nipe namba yako, mrembo, nikulipe kwa hiyo simu yenu."

Hela ilifika jioni, na baada yake simu ikaita.

"Imeingia?"

"Imeingia. Mbona unapumua hivyo?"

"Nimepiga kwa pua."

"Kwa nini?"

"Kwa pua, mpenzi. Vidole vina mafuta, kioo hakivisikii. Hapa dukani simu naibonyeza kwa pua."

Marashi alicheka mpaka shangazi akachungulia mlangoni. "Unaongea na nani huyo anayekuvunja mbavu?"

"Muuza nyama, shangazi."

"Angalau tutakula," shangazi akasema, akarudi jikoni.

Ikawa ndio hivyo. Asubuhi "umeamkaje, asali yangu", mchana "umekula?", jioni pua inapiga tena. Lakini Steki moyoni alikuwa na donge. Baba yake, enzi zake, alikuwa anamwekea mama noti kiganjani, anamkunja vidole kimoja kimoja, na mama anaona haya kama mwari. Sasa yeye akimtumia Marashi kitu, unaingia ujumbe wenye namba kibao, kama bili ya umeme. Hayo ndiyo mapenzi kweli?

Basi mchana mmoja akapita pale vyooni. Marashi yuko ndani anakamua dekio, aproni kaitundika msumarini. Steki akatoa noti mpya, ngumu, akaikunja ndogo, akaitumbukiza mfukoni mwa ile aproni. Akaondoka anapiga mluzi. Alijua hela ya wateja hairuhusiwi. Habari za kupekuliwa hakuzijua, nani angemwambia?

Jioni mkono wa msimamizi ukazama mfukoni, ukatoka na noti.

"Hii nini?"

Marashi akaitazama. "Siijui."

"Hela imo mfukoni mwako na huijui? Mwizi wewe!"

Akalisema kwa sauti, mbele ya makuli na abiria. Tena akamzungusha, akampekua upya, kiunoni, kifuani, eti huenda ziko nyingine. Marashi alitapika palepale, kwenye sakafu aliyoipiga deki mwenyewe. Halafu akafukuzwa.

Usiku ule simu iliita, haikupokelewa. Asubuhi tena, kimya. Steki akafunga bucha akaenda stendi, kuli mmoja akamwambia, "Marashi wako? Msimamizi kampekua, kamkuta na noti, mwizi yule." Jamaa alihisi kama kameza bonge la mafuta mabichi.

Alifika kwa shangazi anahema. Marashi alikuwa mlangoni, gauni la nyumbani, macho mekundu.

"Ile noti ni mimi, mpenzi. Zawadi. Nilitaka ufurahi."

"Wewe?" Akamtazama kama anavyotazama choo kilichoziba. "Basi wewe na msimamizi ni ndugu."

"Mimi na yule? Mimi nilitia, yeye alitoa!"

"Na nani aliniuliza? Yeye mkono mfukoni mwangu, wewe mkono mfukoni mwangu. Huo mfuko wa stendi? Sasa watu wananiita mwizi. Ondoka, unaninukia."

Mlango ukafungwa. Shangazi akasema kutoka ndani, "Nyama je, hujaleta?" Lakini hakuna aliyecheka.

Kesho yake asubuhi, foleni imejaa, Steki akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kumbe shangazi alishadokezwa, kamkokota Marashi, wamejibanza nyuma ya makuli.

"Jamani! Noti ya Marashi niliiweka mimi! Nampenda, na mimi ni mjinga! Mwizi hapa hayupo, mjinga yupo, ndiye huyu!"

Watu wakageuka kumtazama msimamizi. Yule bwana akalegeza tai, akamwona Marashi. "Basi, yaishe. Rudi kazini."

Marashi akasogea mbele. "Juzi uliniita mwizi kwa sauti. Leo unanong'ona?"

Foleni ikaguna. "Si mwizi!" msimamizi akafoka. "Haya, rudi kazini."

"Na mfuko wangu?"

"Kupekua ni utaratibu."

"Basi baki na utaratibu wako. Mie mkono ule haunigusi tena." Akageuka, akaondoka, kilemba juu.

Steki alimkimbilia. "Sasa utaishije? Njoo dukani kwangu."

"Unaniambia au unaniuliza?"

Akasimama, akafuta viganja kwenye koti. "Nakuuliza. Uje tufanye kazi pamoja. Na... uwe mke wangu. Naomba."

Marashi akamtazama toka juu mpaka chini, shangazi anakohoa pembeni.

"Bucha yako ina choo?"

"Kipo, nyuma."

"Kisafi?"

Steki akatazama viatu vyake.

"Twende tukaanzie hapo," Marashi akasema, akakunja mikono ya gauni. "Hilo lingine nitakujibu nikimaliza kusugua. Na ndoo unabeba wewe."