Mbegu za Mzee Celestino

Risasi ya kwanza ilipasua kioo cha nyuma cha Camry saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, kwenye Powder Mill Road.

Chelagat hakupiga kelele. Alikanyaga mafuta.

"Inamisheni vichwa," alisema.

Kwenye kiti cha nyuma, Mzee Celestino Bokesa alijikunja juu ya mkongojo wake. Kando yake, mjukuu wake Damián, aliyetua uwanja wa ndege wa Dulles jana yake, alikuwa tayari chini ya kiti. Alikuwa mwepesi kweli huyo Damián. Risasi ya pili iling'oa kioo cha pembeni.

Ford Transit nyeupe, mita hamsini nyuma.

Chelagat aligusa kifaa kilichofichwa sikioni. "Wazir, tunapigwa. Van nyeupe, watu wawili. Walitungoja njiani."

"Sikiza, dadangu." Wazir alikuwa mjini, mtaa wa Shaw, ambako watu walimjua kwa teksi yake tu. "Njia hiyo nimekupa mimi alfajiri ya leo. Nani mwingine aijua?"

"Nobody. Ni mimi na wewe."

"Na walio garini."

Chelagat alivuta breki ya mkono, akakata kushoto, akaingia barabara ya vumbi kati ya mashamba ya mahindi. Transit ikapitiliza na kwenda kuparamia uzio.

"Pole, Mwalimu," alisema. "Umeumia?"

"Bado niko," Mzee alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Morogoro, alikofundisha kilimo miaka kumi na miwili. "Miche nayo?"

"Tunaifuata."

Majirani wa Kimarekani kule Bowie walimjua Chelagat kama binti wa Kericho anayemtunza mzee mwenye presha ya macho. Hawakukosea. Alimwogesha, alimpa dawa, na leseni yake ya utunzaji ilikuwa halali. Ila aliyemtuma alikuwa Kitengo cha Tisa, ofisi ya Addis Ababa isiyo na kibao mlangoni. Agizo lake lilikuwa mstari mmoja: *Mzee na mti wake, wote wawili wafike Bioko.*

Mti wenyewe ulikuwa wa kakao.

Bioko ni kisiwa cha Guinea ya Ikweta, nchi pekee ya Afrika kusini mwa Sahara ambako watu huapishwa na kutongozana kwa Kihispania. Mhispania alikipokea kutoka kwa Mreno mwaka 1778, akaja kukipanda kakao hadi miguuni mwa mlima, juu ya ardhi ya Wabubi, wenyeji wa kisiwa. Tarehe 12 Oktoba 1968 bendera yake ikashushwa. Haikupita miaka kumi ya udikteta uliofuata, watu waliouawa na waliokimbia walikaribia thuluthi ya nchi, na mashamba yakageuka vichaka. Baadaye mafuta yakapatikana, na mwenye mafuta hana haja na kakao. Celestino, Mbubi wa mji wa Luba kisiwani humo, aliondoka akiwa na miaka ishirini na mbegu saba mfukoni. Amezilea na kuzichanganya maisha yake yote, mpaka akapata mche usiooza matunda kwa mvua.

Miche ilikuwa arobaini. Kampuni moja ya Ulaya iliitaka yote, na ilitaka aliyeizalisha asiwepo wa kubisha.

Leo ilikuwa tarehe 12 Oktoba. Chama cha wakulima wa Luba kilimtuma Damián aje kuichukua. Babu na mjukuu hawakuwahi kuonana wala kusikia sauti zao. Walijuana kwa barua tu. Chelagat alikagua pasipoti yake uwanja wa ndege. Ilikuwa safi.

Kitalu cha vioo kilikuwa nje kidogo ya Beltsville, nyuma ya ghala tupu. Ndani kulikuwa na joto la kwao Mzee. Chelagat alimkamata kwa mkanda mpana aliomfunga kiunoni, wenye vishikio viwili, ule wa kumsimamishia kila asubuhi.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu."

Kwenye tatu, Mzee alimwachia uzito wake wote, kama kawaida yao, akasimama. Akaenda moja kwa moja kwenye mti mama. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini mikono iliujua. Akachuma tunda la manjano.

"Damián, mwanangu. Uliniandikia kwamba utotoni ulichapwa kwa kuyamaliza. Kula."

Jamaa akaomba kisu. Akapewa cha kupandikizia miche. Akalikata tunda katikati, pamoja na mbegu zake, akachomoa mbegu moja, akaufuta ute wake mweupe kwa leso.

Akaitafuna.

Wiki ya kwanza ya kazi, Mzee alikuwa amempa Chelagat tunda kama lile. Alimfunza kulipasua kwa kuligonga, kuunyonya ule ute mtamu, na kuitema mbegu ikiwa nzima, kwa kuwa mbichi ni chungu kama shubiri. Mtoto wa kakao hahitaji kufunzwa.

"Tamu sana, Abuelo," jamaa alimwambia "babu" yake kwa Kihispania, uso umemkunjamana.

Mzee hakuuona uso. Alikuwa amesikia meno.

"Ameisaga mbegu," alisema polepole. "Chelagat, huyu si wetu."

Bastola ya Glock ilikuwa mkononi mwa Chelagat kabla neno halijaisha, lakini kisu kilikuwa kimefika shingoni mwa Mzee.

"Iweke chini," jamaa alisema kwa Kiingereza. "Mimi ni mtoto wa Madrid, bibi. Chocolate naijua ya dukani."

Chelagat aliiweka chini. Kifua kilimwaka kwa hasira, na hasira ilikuwa ya kujilaumu. Yeye ndiye aliyemleta.

Mlango ukapigwa teke. Mtu wa van, mwenye kipara, aliingia na bastola yenye kiziba sauti.

"Miche kwanza," jamaa alimwambia, simu iliyowaelekeza pale ikiwaka mfukoni mwake. "Halafu moto."

"Damián yuko wapi?" Mzee aliuliza.

"Kwenye van, tangu tulipomdaka Dulles jana. Anapumua bado. Mtaungua pamoja."

Magoti ya Mzee yakaanza kutetemeka. Damu ilimtiririka shingoni.

"Hawezi kusimama peke yake," Chelagat alisema. "Akianguka atakuangusha. Let me hold him, ni kazi yangu."

Jamaa alisita, akaitikia kwa kichwa. Chelagat akasogea, akaingiza vidole kwenye vishikio vya mkanda.

"Mwalimu. Tayari?"

"Tayari, binti."

"Moja. Mbili."

Kwenye tatu, Mzee alimwachia uzito wake wote.

Chelagat alizunguka naye. Miaka mitatu ya kunyanyua wagonjwa wa kilo mia ilikuwa mgongoni mwake. Kisu kilipita hewani. Kipara akafyatua mara mbili, na risasi zote zikamwingia mtoto wa Madrid kifuani. Alianguka juu ya miche, vyungu vikapasuka.

Chelagat alimlaza Mzee, akabiringika, akaiokota Glock.

Risasi moja. Kipara alikaa chini, akaegemea mti mama, hakuinuka tena.

Nje, Transit ilikuwa inarudi nyuma kwa kasi. Dereva alitoa bunduki dirishani. Chelagat alisimama katikati ya njia, akapiga kioo cha mbele risasi tatu. Honi ikalia, ikaendelea kulia mpaka alipomsukuma maiti pembeni.

Damián wa kweli alikuwa amefungwa kwa nyaya, jicho moja limevimba, mdomo umechanika.

"Babu yangu?" aliuliza kwa Kihispania. Hilo Chelagat alilielewa.

Alimkata nyaya, akampeleka ndani. Miche kumi na mmoja ilikuwa imevunjika. Ishirini na tisa ilisimama.

Mzee alikuwa ameketi sakafuni, kitambaa shingoni, uso ameuelekeza mlangoni. Alinyoosha tunda lingine.

Damián alilipokea. Aliligonga kwenye ukingo wa meza, akalifungua kwa dole gumba, akanyonya. Midomo ilimuuma, lakini alinyonya. Halafu akatema mbegu kiganjani, nzima, akaiweka katika kiganja cha babu yake.

Mzee aliifumbata. Akalia kwa sauti, bila aibu.

"Polisi dakika nne," Wazir alisema sikioni. "Niko kwenye lango."

"Nakuja."

Chelagat alimwonyesha Damián vishikio vya mkanda. "Dawa ya macho saa nane, tone moja kila jicho," alisema kwa Kihispania cha kuokoteza. "Ukimwinua, hesabu. Atakuachia uzito wote. Usiogope. Polisi wasinikute hapa; wenzangu watawafikisha Bioko na miche."

Alitoka juani, akazifunga nywele vizuri. Nyuma yake, ndani ya vioo, sauti ya mwenye mdomo uliochanika ilianza.

"Uno," ilisema. "Dos."

Chelagat hakugeuka. Alifungua mlango wa teksi, akaketi mbele.