Choo Kimoja, Ufunguo Mmoja

Asubuhi katika nyumba ile ya wapangaji ilianzia kwenye foleni ya choo. Familia sita, choo kimoja uani. Huyu kashika ndoo, yule ana mswaki mdomoni, mwingine anagonga mlango: "Wewe uliye ndani, umehamia humo?"

Tatizo lilikuwa wapita njia. Geti halikuwa na kufuli, kwa hiyo kila aliyebanwa barabarani aliingia, akachafua, akaenda zake. Wapangaji wakakutana. Wakamchagua seremala, waliyemwita Fundi, awe msimamizi. Fundi hakuwa mwongo, wala hakuwahi kumdhulumu mtu hata msumari. Wakaweka kufuli kwenye mlango wa choo, wakampa ufunguo.

"Lolote utakaloamua, Fundi, sisi tumekubali."

Muuguzi, jirani yake wa mlango wa pili, akauliza, "Na siku akikosea?"

Wakacheka sana. "Fundi? Akosee?"

Fundi akapanga zamu za usafi. Choo kikang'aa, hata nzi wakahama. Watu wakamsifu, na sifa zikamwingia kichwani.

Kisha Muuguzi akakosa zamu yake. Alikuwa zahanati na mama aliyejifungua kwa shida. Fundi hakutaka maelezo. "Wiki nzima hutumii choo hiki!" alisema mbele ya watu wote.

Watu walipigwa na butwaa, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Si walisema wamekubali lolote?

Chumbani, mkewe alimkabili. "Baba watoto, kweli mtu ananyimwa choo?"

"Sheria ni msumeno."

"Kaitunga nani?"

"Mimi."

"Na jirani kahukumiwa na nani?"

"Mimi."

"Ufunguo anao nani?"

Fundi akapiga mfuko wa suruali yake.

"Msumeno hukata mbele na nyuma, mume wangu. Huu wako unakata mbele tu."

Maneno hayo yalimchoma. Kesho yake akaenda kazini na ufunguo aliozoea kumwachia mkewe, asije akamfungulia Muuguzi. Nyumba nzima ikafungiwa kwa sababu ya mtu mmoja.

Mchana tumbo likamkata mama yake Fundi, bibi mzee aliyeishi nao. "Mkwe wangu, choo!" Mke wa Fundi akatimua mbio hadi karakana. Fundi hayupo, kapeleka kitanda kwa mteja. Akarudi mbio.

Alichokiona kilimkata maini. Bibi alikuwa amesimama mbele ya mlango, ameshika kufuli kwa mikono miwili, analia. Nguo zake zilikuwa zimechafuka. Bibi yule yule ambaye hata kuanika nguo hakutoka bila kujisitiri vizuri! Mke wa Fundi hakujua aanzie wapi.

Muuguzi ndiye aliyetoka. Alimshika Bibi mkono, akamwingiza chumbani kwake, akamwogesha, akamvisha gauni lake mwenyewe.

Fundi akarudi akipiga mluzi. Alipomwona mama yake ndani ya gauni la Muuguzi, mluzi ukakatika.

"Mwanangu," Bibi alisema, "wewe nilikuosha mimi. Leo mimi nimeoshwa na mtu uliyemfungia choo."

Fundi akakaa chini pale pale sakafuni. "Mimi? Mimi nimefanya hivi?"

"Si wewe peke yako," Muuguzi alisema. "Ungekuwa mtu mbaya, tungekuwekea mipaka siku ya kwanza. Kwa kuwa wewe ni mwema, tukajisahau. Hata mwema hukasirika, Fundi."

"Sasa tufanyeje?"

"Sheria tuitunge wote. Anayeshika ufunguo asiwe ndiye anayehukumu. Na kuna haki ambazo hazipigiwi kura. Hata tukikubaliana wote, hatuwezi kumnyima mtu choo."

"Basi mtu yeyote tu anaweza kuwa msimamizi," Fundi alisema kwa uchungu.

"Hapana. Tunahitaji mwadilifu. Sheria nzuri mikononi mwa mwizi, ataiba nayo. Nchi nayo ni hivyo hivyo: mtawala awe mwema, na bado awekewe mipaka."

Jioni hiyo wapangaji walikutana tena, na safari hii walisema. Fundi alimwomba Muuguzi msamaha mbele ya wale wale waliomsikia akimhukumu. Wakamwachia usimamizi kwa miezi sita, kisha watachagua upya. Mashauri yatasikilizwa na wapangaji watatu, na Fundi si mmoja wao.

Fundi akachukua bisibisi. Kufuli akalihamishia kwenye geti, kila familia ikapewa ufunguo wake. Kwenye mlango wa choo akafunga komeo upande wa ndani.

Bibi akawa wa kwanza kulijaribu. Komeo likaingia, ka! Baada ya muda Fundi mwenyewe akaja, amebanwa.

"Mama, bado?"

"Panga foleni, msimamizi!" Bibi akajibu kutoka ndani.

Fundi akapanga foleni, nyuma ya Muuguzi.