Fungua Mdomo, Inua Ulimi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Bosi alisimama mbele ya baba yake, mikono kiunoni. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, siku muuguzi wa kliniki alipomkabidhi binti huyo kazi ya kuhakikisha dawa za kifua kikuu zinamezwa.

"Fungua mdomo," Bosi alisema. "Haya, inua ulimi."

"Hata polisi hawanipekui hivi," Baba alinung'unika, huku akiinua ulimi. Alikuwa mwosha magari, mtu wa maneno mengi.

Miezi ikapita, kikohozi kikagoma kuondoka. Baba akabaki mifupa na ngozi, utani ukamwisha. Makohozi yake yalipopimwa tena kwa hadubini, vijiti vyekundu vya bakteria vilikuwa bado tele.

Muuguzi alimwita Bosi pembeni. "Binti, niambie ukweli. Baba anatema dawa?"

"Hatemi. Namwangalia kila siku."

"Ukimfichia siri, unamwangamiza. Kubali tu, kisha uende zako shule."

Kukubali kungekuwa rahisi. Bosi hakulia wala hakukasirika. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Anameza," alisema tena.

Mtaalamu wa maabara, mama mmoja mpole aliyekuja kuchukua vikopo vya makohozi, alisikia. "Kama anameza, tusimlaumu mgonjwa kabla hatujamchunguza mdudu," alisema.

Akaotesha bakteria wa makohozi ya Baba ndani ya chupa. Bakteria hao huota polepole mno, na wiki hizo zote Bosi alikwenda shule na kurudi bila kuhisi chochote. Hatimaye vikaota vidoa vya manjano, rangi ya kiini cha yai.

"Hawa si wa kifua kikuu," mtaalamu alimwonyesha muuguzi. "Ni ndugu zao. Kwa hadubini huwezi kuwatofautisha."

Sampuli ikapelekwa maabara kuu. Vinasaba vya bakteria hao vikalinganishwa na vya ndugu zao wote wanaojulikana, visifanane na vya hata mmoja. Ilikuwa spishi mpya. Wataalamu wakatafuta dawa zinazoiua, na daktari akambadilishia Baba matibabu.

"Nisamehe, binti yangu," muuguzi alisema. "Nilikushuku bure."

Mtaalamu akamshika Bosi bega. "Ungekubali uongo ili tukuache, tungeendelea kumpa baba yako dawa zisizomfaa, na mdudu huyu tusingemjua. Ukweli ushikilie hata ukibaki nao peke yako."

Bosi akapokea dawa mpya za Baba, moyo bado una ganzi.

Baada ya miezi kadhaa, asubuhi moja, Baba alimeza vidonge vyake akafungua mdomo bila kuambiwa. "Kagua, bosi. Au siku hizi unaniamini?"

"Nakuamini. Inua ulimi."

Baba akacheka. Alicheka mpaka mwisho, bila kukohoa. Hapo ndipo Bosi alipoangua kilio, akalia kwa furaha na kwa uchovu wote ule, na siku hiyo akachelewa shule.